Sindano ya Insulini Nyumbani: Kichupa na Bomba Lazima Vipatane



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unawaelekea hasa wazazi na walezi ambao nyumbani mwao yumo mtoto au kijana anayechomwa sindano ya insulini kila siku. Wengine wataona kwamba jambo hili haliwahusu. Tunawaomba nao wasome, kwa sababu mtoto mwenye kisukari hakai na mama yake saa zote. Yuko shuleni, yuko kwenye mafundisho ya Komunyo ya kwanza, yuko kwa shangazi wakati wa likizo, na siku atakapozidiwa huenda wewe ndiye utakayekuwa karibu naye.

Mama anaporuhusiwa kutoka hospitalini na mtoto wake hukabidhiwa kichupa cha insulini, mabomba ya sindano machache, kadi ya kliniki, na maelezo ambayo mara nyingi hutolewa haraka kwa sababu foleni ni ndefu. Kuanzia jioni ile, kazi iliyokuwa ikifanywa na muuguzi aliyeisomea itafanywa na yeye, asubuhi na jioni, pengine kwa mwanga wa taa ya chemli. Kazi hiyo inawezekana. Wapo watoto wa shule ya msingi wanaojichoma wenyewe bila kulia. Lakini insulini ni dawa ya kipimo kidogo sana, na kosa dogo katika kupima huwa kubwa mwilini. Katika makosa yote ya nyumbani, lile ambalo ni rahisi kulitenda, na pia ni rahisi kulizuia, ni la kutumia bomba lisilolingana na kichupa. Ndiyo maana tumeliweka kwenye kichwa cha habari.

Kwa nini sindano, na kwa nini kila siku

Nyuma ya tumbo la chakula kuna kiungo kiitwacho kongosho. Pamoja na kazi nyingine, kongosho hutengeneza insulini, ambayo hufungua njia ili sukari iliyomo katika damu iingie katika nyama na viungo vya mwili na kutumika kama nguvu. Katika kisukari cha aina ya kwanza, ambacho huwapata zaidi watoto na vijana, kinga ya mwili yenyewe huziharibu sehemu za kongosho zinazotengeneza insulini. Hakiletwi na kula peremende nyingi, hakiambukizwi, wala si laana ya ukoo. Tunalisema hili kwa sababu tunajua maneno yanayosemwa pembeni, na tunajua jinsi yanavyomwumiza mzazi.

Insulini haiwezi kumezwa kama vidonge, kwa kuwa tumbo huisaga kama linavyosaga nyama au maharage. Basi hupitishwa chini ya ngozi kwa sindano. Na bila insulini mtoto wa namna hii haishi. Hadi mwaka 1921, kabla Frederick Banting na Charles Best hawajaipata insulini huko Toronto, Canada, madaktari walichoweza kufanya ni kumnyima mtoto chakula ili maisha yake yarefuke kidogo. Tarehe 11 Januari 1922, kijana Leonard Thompson, mwenye umri wa miaka 14 na aliyebaki mifupa mitupu, alichomwa sindano ya kwanza. Dawa ile ilikuwa bado na uchafu na haikumsaidia sana. Iliposafishwa na kurudiwa tarehe 23 mwezi ule ule, sukari yake ilishuka, na akaishi miaka 13 zaidi. Mzazi anayefikiria kuacha sindano kwa wiki moja ili apumzike, au ajaribu dawa ya mizizi, afahamu kwamba anamrudisha mwanawe kabla ya tarehe hiyo.

Yuniti na mistari

Insulini haipimwi kwa vijiko wala kwa mililita bali kwa yuniti. Vichupa vingi vinavyotumika kwetu siku hizi vimeandikwa U-100, au "100 IU/ml". Maana yake ni kwamba katika kila mililita moja mna yuniti 100. Kichupa cha mililita 10 kwa hiyo kina yuniti 1,000. Lakini ipo pia insulini iitwayo U-40, yenye yuniti 40 tu katika mililita moja. Zamani ilitumika sana, na katika nchi nyingine, kama India, bado inauzwa. Kila aina ina bomba lake. Bomba la U-100 kwa kawaida huwa na kifuniko cha rangi ya chungwa, na la U-40 huwa na kifuniko chekundu. Hata hivyo msitegemee rangi peke yake. Someni maandishi kwenye bomba lenyewe.

Tuone linalotokea vikichanganywa. Mtoto ameandikiwa yuniti 20. Kichupa ni cha U-100, lakini bomba alilonunua mjomba dukani ni la U-40. Mama anavuta hadi kwenye namba 20, na macho yake yanamwambia kwamba amefanya sawasawa. Kumbe amevuta nusu mililita, na nusu mililita ya U-100 ni yuniti 50. Mtoto amepata mara mbili na nusu ya dawa yake, na katika saa chache zinazofuata anaweza kuanguka na kupoteza fahamu. Ikiwa kinyume chake, kichupa cha U-40 na bomba la U-100, namba 20 itakuwa yuniti 8 tu. Huyo hataanguka leo. Sukari yake itapanda polepole, na nyumbani watasema dawa haifanyi kazi.

Hatari nyingine iko katika mistari. Mabomba ya U-100 yenyewe yana ukubwa tofauti. Katika bomba la mililita moja, linalobeba yuniti 100, kila mstari mdogo huwa ni yuniti mbili. Katika bomba la nusu mililita, linalobeba yuniti 50, kila mstari ni yuniti moja. Mzazi aliyezoea kuhesabu "mistari kumi" atampa mtoto yuniti 10 kwa bomba dogo na yuniti 20 kwa bomba kubwa. Kwa hiyo msihesabu mistari, someni namba. Na kliniki ikiwapa mabomba ya ukubwa mwingine, msione haya kumwomba muuguzi awaonyeshe pale pale namba yenu iko wapi. Bomba la kawaida la mililita 2 au 5, lile la kuchomea dawa nyingine, lisitumike kwa insulini hata siku ya dharura. Halina yuniti, na mtu akivuta mililita moja akidhani ni kidogo, amevuta yuniti 100.

Tuongeze neno kuhusu karatasi. Kuna desturi ya kuandika herufi U badala ya neno yuniti. Mwandiko ukiwa wa haraka, "10U" husomeka kama 100. Makosa ya namna hiyo yameshatokea katika nchi nyingi, hata kwenye hospitali kubwa, na ndiyo sababu wafanyakazi wa afya hufundishwa waandike neno zima. Mkipewa kadi yenye herufi hiyo, ombeni kwa heshima iandikwe "yuniti 10 asubuhi, yuniti 6 jioni", au kadiri ilivyo kwenu. Daktari mwema hatachukia.

Vitu vitatu basi lazima vikubaliane kabla sindano haijagusa ngozi: kadi, kichupa na bomba. Sisi tunashauri visomwe kwa sauti na watu wawili. Mama avute dawa, kisha baba au kaka aliyejua kusoma aangalie bomba na aseme namba anayoiona bila kuambiwa kwanza. Kazi hiyo haichukui dakika moja.

Namna ya kuvuta na kuchoma

Osheni mikono kwa sabuni. Tazameni jina la insulini, kwa maana aina zake hazifanani. Ile iliyo angavu kama maji, mfano Actrapid, huanza kazi baada ya nusu saa hivi na huisha baada ya saa 6 hadi 8. Ile yenye weupe kama maji ya mchele, mfano Insulatard, huanza polepole na hukaa zaidi ya nusu siku. Ile iliyokwisha kuchanganywa kiwandani, kama Mixtard, ina sehemu 30 za haraka na 70 za polepole, nayo pia ni nyeupe. Iliyo angavu ikionekana na ukungu au vipande, isitumike. Iliyo nyeupe hutuama chini. Iviringisheni kati ya viganja mara 20 hivi mpaka weupe uenee sawasawa. Msiitikise kama chupa ya dawa ya kikohozi, maana povu litawadanganya katika kipimo. Ikibaki na mabonge, au chembe zimeganda kwenye kuta za kichupa, imeharibika.

Vuteni hewa ndani ya bomba kiasi kile kile cha yuniti mnazozitaka, choma kifuniko cha mpira, ingizeni hewa hiyo, kisha pindueni kichupa na kuvuta dawa. Bila hewa hiyo dawa huvutika kwa shida. Mapovu yakionekana, gongeni bomba kwa kidole, yarudisheni ndani, vuteni upya. Povu dogo halimwui mtu, ila limechukua nafasi ya dawa, na mtoto atapata pungufu. Kwa wale walioagizwa kuchanganya aina mbili katika bomba moja, angavu huvutwa kwanza na nyeupe baadaye, siku zote, ili nyeupe isiingie katika kichupa cha angavu na kukibadili tabia.

Mahali pa kuchoma ni tumboni (vidole viwili au vitatu mbali na kitovu), mapajani upande wa mbele na wa nje, na kwenye makalio. Finya ngozi taratibu, choma, sukuma dawa yote, hesabu hadi kumi, ndipo utoe. Msisugue. Kila siku hamieni sehemu nyingine iliyo umbali wa upana wa kidole. Watoto hupenda kuchomwa pale pale kwa sababu panakufa ganzi, na baada ya miezi huota uvimbe laini. Uvimbe huo huinyonya insulini vibaya, leo kidogo na kesho nyingi, na sukari huyumba bila sababu inayoonekana. Kila mwisho wa mwezi pitisheni vidole kwenye ngozi ya mtoto mkitafuta mabonge.

Halafu chakula. Insulini angavu na ile ya mchanganyiko huchomwa kama nusu saa kabla ya kula. Nyumba zetu tunazijua: kuni zimelowa, maharage hayajaiva, mgeni amefika. Msimchome mtoto kwa kutazama saa wakati sufuria bado haijatokota. Chakula kwanza kiwe karibu, ndipo sindano.

Wanaotumia kalamu za insulini wana nafuu katika kupima, kwa kuwa kalamu huzungushwa hadi kwenye namba. Lakini wakumbuke kutoa kwanza yuniti mbili hewani kila wanapoweka sindano mpya, wahesabu hadi kumi kabla ya kuichomoa, na wasiazimane kalamu hata kama sindano imebadilishwa, kwani damu kidogo huweza kurudi ndani. Wala msivute insulini kwa bomba kutoka ndani ya kalamu. Baadhi ya kalamu zina insulini nzito kuliko U-100.

Tumeulizwa pia kuhusu pampu. Hiki ni chombo kidogo kama simu, kinachovaliwa kiunoni na kusukuma insulini ya haraka kidogo kidogo usiku na mchana kupitia mrija mwembamba ulio chini ya ngozi. Ndugu wanaoishi Ulaya au Marekani huja nacho likizo. Aliyenacho hana akiba ya insulini ya polepole mwilini, kwa hiyo mrija ukikunjika au ukichomoka, katika saa chache tu anaweza kuugua sana. Lazima asafiri na kichupa na mabomba ya kawaida. Mrija mpya hujazwa dawa ukiwa haujaunganishwa na mwili, kamwe si baada ya kuunganishwa. Saa ya pampu nayo irekebishwe akifika, kwa kuwa kiasi cha usiku si kile cha mchana. Na tafadhali, msipokee pampu iliyotumika kama zawadi mkaiwasha wenyewe. Ndani yake mna vipimo vya mtu mwingine.

Kuitunza mahali pa joto

Kichupa ambacho hakijafunguliwa hukaa katika friji, kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na sehemu ya barafu. Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri. Kichupa kinachotumika kinaweza kukaa nje ya friji kwa wiki nne hivi, mradi joto halizidi nyuzi 25 hadi 30 na hakipigwi na jua. Andikeni kwenye lebo tarehe mliyokifungua.

Wasio na friji, na hao ni wengi wetu, watumie vyungu viwili vya udongo. Kidogo kiingie ndani ya kikubwa, katikati mjazwe mchanga, mchanga ulowekwe maji asubuhi na jioni, juu pafunikwe kitambaa kibichi. Vikae kivulini penye upepo. Maji yanapokauka kupitia udongo huondoka na joto, kama vile mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Kichupa kiwekwe ndani ya kopo lenye kifuniko ili lebo isilowe na kufutika. Njia hii hufanya vizuri zaidi penye hewa kavu, kama Dodoma na Singida. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa wakati wa joto hewa imejaa unyevu, maji hayakauki upesi, na chungu husaidia kidogo tu. Huko ni heri kuomba nafasi katika friji ya jirani au ya zahanati kwa vichupa vya akiba, na kubaki nyumbani na kimoja. Safarini kichupa kisiwekwe kwenye buti wala juu ya keria ya basi. Kikae katika mkoba unaoubeba mwenyewe.

Sukari ikishuka, sukari ikipanda

Mashine za kupima sukari nazo zina lugha mbili. Nyingi za kwetu hutoa namba ndogo, kama 5 au 8, na pembeni huandikwa mmol/L. Nyingine hutoa namba kubwa, kama 90 au 144, na huandikwa mg/dl. Ni vipimo vile vile. Namba ndogo ukiizidisha kwa 18 unapata kubwa. Mwenye mashine ya zawadi kutoka ng'ambo aangalie hilo kabla ya kushtuka. Herufi HI kwenye kioo maana yake ni sukari iliyopanda kupita uwezo wa mashine kuisoma, na LO ni iliyoshuka mno. Zote mbili ni za kukimbilia msaada. Na kidole kioshwe kwanza: maji ya embe yaliyobaki kwenye kidole huweza kuonyesha sukari nyingi ambayo mwilini haimo.

Sukari ikishuka chini ya 4, mtoto hutetemeka, hutoka jasho jembamba, husikia njaa kali, huwa mkali bila sababu au husinzia. Mpeni mara moja vijiko 3 vya chai vya sukari katika maji kidogo, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Mtoto mdogo chini ya miaka mitano kijiko 1 au 2. Subirini dakika 15, pimeni, rudieni kama bado. Akitengemaa, apewe kitu cha kukaa tumboni, kama ndizi, mkate au uji. Akiwa amepoteza fahamu, msimmiminie kitu chochote kinywani. Mlazeni kwa ubavu, pakeni sukari iliyoloweshwa au asali kidogo kidogo ndani ya shavu la chini, na mkimbizeni hospitalini. Kama hamna mashine na hamjui sukari imepanda au imeshuka, mwenye fahamu mpeni sukari. Iliyoshuka huua upesi. Iliyopanda huongezeka kwa saa nyingi, na vijiko vitatu havitaleta tofauti kubwa.

Sukari iliyopanda kwa kukosa insulini huja na kiu, kukojoa mara kwa mara, kutapika, tumbo kuuma, kupumua kwa nguvu na kwa kina, na pumzi yenye harufu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mara nyingi hudhaniwa ni malaria, homa ya matumbo au nimonia, na mtoto ambaye bado hajagunduliwa huweza kufa akitibiwa ugonjwa mwingine. Mtoto yeyote anayekojoa sana, amekonda na anatapika, ombeni apimwe sukari siku hiyo hiyo. Tone moja la damu linatosha.

Hapa lipo kosa ambalo hutendwa kwa mapenzi mema. Mtoto mwenye kisukari akiugua malaria na kukataa chakula, wazazi huacha insulini wakisema hana kitu tumboni. Ugonjwa wenyewe hupandisha sukari, hata kwa asiyekula. Insulini isiachwe kabisa; pimeni mara kwa mara, mpeni maji ya kunywa, na mpelekeni kliniki wakamwekee kipimo cha siku za ugonjwa. Akitapika mfululizo msisubiri kesho.

Mfungo, Misa na maombi

Tumeona kijana akitetemeka kanisani na kukataa soda kwa kuogopa kuvunja mfungo wa Komunyo. Sheria ya Kanisa iko wazi: mfungo wa saa moja kabla ya kukomunika hauvunjwi na maji wala dawa, na wagonjwa, wazee na wale wanaowahudumia wanaweza kukomunika hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo. Sukari kwa kijana yule ndiyo dawa. Ale, kisha apange mstari na wenzake. Vivyo hivyo sheria ya kufunga chakula Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu huwahusu wenye afya kuanzia miaka 18 hadi 59. Mgonjwa wa insulini haimbani. Akitaka kujinyima kitu, ajinyime kitu kisicho mlo wake, kwa shauri la paroko.

Lingine ni zito zaidi. Hutokea mtu akaombewa, akajisikia vizuri, akatupa insulini yake kama ushuhuda. Hatuna neno dhidi ya kuwaombea wagonjwa. Kanisa lina sakramenti kwa ajili yao. Lakini mwenye kisukari cha aina ya kwanza akiacha insulini, katika siku chache huwa mahututi. Anayeamini amepona aende kliniki akapimwe huku akiendelea na sindano. Viongozi wa jumuiya na wa vikundi vya maombi wawaambie watu hivyo waziwazi.

Shule, gharama na sindano zilizotumika

Mwalimu wa darasa na mlezi wa bweni wapewe barua fupi: jina la ugonjwa, saa za sindano, dalili za sukari kushuka, na ruhusa ya mtoto kula kitu darasani na kwenda chooni bila kuzuiwa. Peremende au pakiti ya glukosi ikae mfukoni mwake siku zote, hata siku ya michezo, hasa siku ya michezo, kwa kuwa mazoezi hushusha sukari. Asichomwe pajani kabla ya kukimbia. Mguu unaokimbia huinyonya insulini haraka.

Kuhusu gharama, ulizeni hospitali ya mkoa au ya rufaa kama ina kliniki ya watoto wenye kisukari. Tanzania, Kenya na Uganda zimo katika mpango wa kimataifa ulioanzishwa mwaka 2009 unaowapatia watoto na vijana insulini bila malipo kupitia kliniki hizo, na wapo wazazi wanaonunua dawa kwa shida kwa kuwa hakuna aliyewaambia. Kichupa kikipita wiki nne na bado kina dawa, nendeni mkaombe kingine. Mkikosa siku hiyo, msiache kuchoma kwa sababu ya tarehe. Endeleeni, pimeni sukari mara nyingi zaidi, na rudini kesho yake.

Sindano zilizotumika zitiwe katika kopo gumu la plastiki lenye kifuniko cha kukaza, la mafuta au la sabuni, liwekwe juu ambapo watoto hawafiki. Msizitupe jalalani wala chooni. Wapo watu wanaookota taka kwa mikono mitupu, na vyoo hujaa vikazibuliwa. Kopo likijaa robo tatu, lifungeni na kulipeleka zahanati pamoja na mgonjwa siku ya kliniki. Wao wana tanuri la kuteketezea.